Mwanangu Anataka Kusomea Kompyuta: Atakuwa Nani?

Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa kwetu Mwisenge alinishika mkono nikiwa bado nafunga daftari la michango. Ni mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa kivuko cha Kinesi asubuhi na jioni, na si mtu wa maneno mengi. Binti yake wa pili amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na matokeo yake ni mazuri. “Katibu,” akaniambia, “wewe umesoma, nieleze. Huyu mtoto anataka kwenda Dodoma kusomea kompyuta miaka mitatu. Kompyuta si hii ya kijana wa steshenari, anakuchapia barua kwa shilingi mia tano? Miaka mitatu ya kujifunza kuchapa barua?”

Sikumjibu siku ile. Mimi nimesoma fiqhi na lugha ya Kiarabu, na ninachokifahamu kuhusu kompyuta ni kile ilichonifanyia. Nilimwomba wiki mbili niulize na nisome. Makala haya ni majibu niliyompelekea, na ninayaandika hapa kwa sababu nadhani si yeye peke yake mwenye swali hilo miongoni mwa wazazi wetu.

Nianze na hicho kilichonifikia mimi. Mwaka juzi, katika kumi la mwisho la Ramadhani, kompyuta mpakato ya kamati yetu ilikataa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za miaka mitatu: ahadi za waumini za ujenzi wa madrasa, picha za hati za wakfu, na orodha ya wajane, mayatima na wazee wanaostahiki zakatul-fitri. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaifuta yote, akaweka programu mpya, akaturudishia ikiwa safi kama imetoka dukani. Naye hakukosea kwa kadiri alivyoagizwa, kwani tulimwambia tunataka iwake, na ikawaka. Hakuna aliyemwambia kwamba tulichokitaka ni kile kilichokuwamo.

Tukakesha siku tatu na vishina vya risiti tukiandika orodha upya kwa kukumbuka. Sikukuu ikapita. Katika Shawwal ndipo nilipokutana na mama mmoja mjane njiani, akanisalimia kwa upole, akaniuliza kama kamati imemwondoa kwa kosa gani. Hatukuwa tumemwondoa. Tulimsahau. Mama yule na watoto wanne waliswali Idi bila kupata haki yao, nami nilikuwa katibu. Nimekwisha kumwomba radhi, naye amenisamehe, lakini sijaweza kuisahau sauti yake.

Wiki hiyohiyo binti wa yule mzee wetu, wakati huo akiwa kidato cha tano na yuko likizo, alikuja ofisini na mdogo wake anayesoma madrasa. Alinikuta na makaratasi yametapakaa, nikamsimulia. Hakushangaa wala hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: “Ustadhi, nakala nyingine iko wapi?”

Nimekuja kufahamu baadaye kwamba swali hilo ndilo mlango wa fani nzima anayotaka kuisomea.

Kazi anayoitamani binti huyu ina matawi mengi, lakini mawili yanatosha kwa mazungumzo yetu. La kwanza ni usimamizi wa mifumo. Mzazi anayekwenda hospitali ya Serikali leo hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu yake, na dirishani wakaona kwamba amelipa kabla hajarudi kwenye foleni. Kati ya simu yake na dirisha lile kuna kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizowekwa katika vyumba vyenye ubaridi, zinazotakiwa ziwe macho usiku na mchana. Msimamizi wa mifumo ndiye anayezilinda. Anaamua nani aingie na nani asiingie, na akiingia aone nini. Anaziba nyufa za programu kabla wezi hawajaziona. Anasoma kumbukumbu za matukio kama daktari asomavyo cheti cha mgonjwa. Anahakikisha umeme ukikatika kuna betri, betri ikiisha kuna jenereta. Na juu ya yote hayo anatunza nakala: moja hapa, ya pili mahali pengine kabisa, ili moto au mafuriko yasizichukue zote kwa pamoja. Na nakala yenyewe ni lazima ijaribiwe. Binti yule alinifundisha kwamba nakala ambayo hujawahi kuirejesha ukaisoma ni matumaini tu.

Sharia yetu imetutaka tuandike deni na kuweka mashahidi, na katika chuo tulifundishwa hekima ya shahidi wa pili kwa miezi kadhaa. Sikuwahi kufikiri kwamba orodha ya wajane nayo inahitaji shahidi wa pili.

Ni kazi isiyoonekana. Mvuvi wetu wa karabai akirudi na mashua tupu kila mtu pwani anamwona. Akirudi nayo imejaa pia anaonekana. Msimamizi wa mifumo huonekana siku ya hasara tu. Wasomaji wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipozorota nchini kote na katika nchi jirani, kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Sisi tulilalamika kwamba picha haziendi. Wakati huo kuna vijana waliokuwa wakihamisha mawasiliano ya mabenki na hospitali kwenda njia nyingine zilizobaki, nao hakuna aliyewaona.

Tawi la pili ni utafiti, na hapa ndipo wazazi wengi tunapopotea kabisa. Msimamizi anauliza, mfumo huu unafanya kazi? Mtafiti anauliza kwa nini mifumo ya namna hii inaharibika, na je, kuna namna bora ya kuijenga? Huchukua miaka kukusanya ushahidi, huandika, na wenzake wa nchi nyingine humkosoa kabla maandishi hayajachapishwa. Wanafunzi wa elimu ya Kiislamu wataitambua tabia hiyo ya kuhakiki.

Katika mihadhara yetu tumezoea kumtaja Al-Khwarizmi kwa fahari, kisha tunaishia hapo. Ni kweli kwamba neno algorithimu limetokana na jina lake, na neno aljebra limetokana na anwani ya kitabu chake alichokiandika Baghdad katika karne ya 3 Hijria, zama za Khalifa al-Ma'mun. Lakini sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu nini? Inahusu wasia na mirathi. Mwanachuoni yule alikuwa anatafuta njia ya uhakika ya kugawa mali ya marehemu bila mtu kudhulumiwa fungu lake, na katika kulitatua jambo hilo la nyumbani akawaachia walimwengu elimu. Sioni umbali mkubwa kati ya hilo na binti anayetaka orodha ya wajane isipotee.

Nchi yetu yenyewe imepita njia ndefu katika jambo hili, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ghali, wataalamu wake walikuwa wageni, na hesabu za Serikali zilizokabidhiwa kwa mashine katika miaka iliyofuata zikavurugika kiasi cha kurudiwa kwa mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Rais wa wakati ule, kama kila mtoto wa Musoma ajuavyo, alikuwa mtoto wa Butiama aliyeanzia shule hapahapa Mwisenge mwaka 1934. Wapo wanaolicheka katazo lile leo. Mimi silicheki. Mashine ilikuja kabla ya watu wa kuisimamia, fedha za maskini zikapotea, na kiongozi akafunga mlango. Kosa, ikiwa lipo, ni kwamba watu wale hawakuandaliwa mapema wakati mlango umefungwa. Msikiti wetu pia ulinunua mashine kabla ya kumpata wa kuisimamia.

Watu hao walikuja kuandaliwa polepole, na wengi wao walipitia Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo hicho kilikuwa katika mradi wa ESANET, uliounganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lusaka na Harare kwa barua pepe. Intaneti ya kudumu haikuwapo. Barua ziliwekwa pamoja zikisubiri, kisha kompyuta moja ikaipigia nyingine kwa laini ya simu ya kawaida, zikapokezana mafurushi yao na kukata, kama mizigo inavyosubiri kivuko. Waliofanya kazi ile walikuwa watafiti na mafundi kwa wakati mmoja: mchana wanafundisha, usiku wanabembeleza laini ya simu.

Mwaka 1995 nchi ikapata utambulisho wake katika intaneti, zile herufi mbili za .tz tunazoziona mwishoni mwa anwani za Serikali, shule na magazeti. Kwa miaka mingi daftari la majina hayo lilitunzwa katika kituo hichohicho cha chuo kikuu, mpaka likachukuliwa na tzNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TCRA na umoja wa watoa huduma za intaneti. Daftari hilo likisita, benki, wizara na vyuo vyenye majina ya .tz vitatafutwa na visionekane, hata kama seva zao zote ni nzima. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa mifumo katika ngazi ya taifa, na imekuwa mikononi mwa Watanzania.

Mzee wangu alitaka kuonyeshwa mtu, si historia. Nilimtajia Dkt. Jabiri Bakari. Huyu alifundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka 2007 alihitimu shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stockholm nchini Sweden. Utafiti wake haukuwa juu ya mashine za Ulaya. Alichunguza usalama wa mifumo ya kompyuta katika taasisi za hapa nyumbani, taasisi zisizo za kibiashara, na moja ya makala alizochapisha na wenzake ilishughulikia pengo kati ya wakuu wa taasisi na mafundi wao. Mkuu hudhani kwamba usalama wa kompyuta ni shauri la fundi. Fundi anaziona hatari, ila hana lugha ya kumfanya mkuu aelewe kwamba kinachohatarishwa ni taasisi yenyewe na si waya na vipuri. Hivyo fedha haitengwi, na siku ya msiba kila mmoja anamtazama mwenzake.

Niliposoma hayo niliiona kamati yetu. Mwenyekiti alidhani kompyuta ni shauri la katibu, katibu akadhani ni shauri la fundi, na fundi akaambiwa aiwashe.

Mtafiti yule hakuishia kwenye kuandika. Mwaka 2012 ilipoanzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, iliyokuja kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ndiye aliyekuwa Mtendaji Mkuu wake, na baadaye akateuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA. Yaani yale maswali aliyoyauliza akiwa mwanafunzi alipewa ayatafutie majibu kwa nchi nzima. Simtaji ili kila mzazi adhani mwanawe atakuwa mkurugenzi. Namtaja kwa sababu njia yake inaonyesha kwamba utafiti na usimamizi ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Sasa njia yenyewe. Aliyefaulu kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, hasa Hisabati ya juu, anaweza kuomba shahada katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kampasi yake ya Kijitonyama, SUZA kule Zanzibar na vinginevyo. Asiyefika huko hajakatika. Kuna cheti na stashahada kwa waliomaliza kidato cha nne, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali pa kuanzia. Nimezungumza na wasimamizi wa mifumo wawili wa taasisi za hapa mkoani, na mmoja wao alipita njia hiyo. Mwenye moyo wa utafiti ataendelea na uzamili na uzamivu, na kwa hilo halazimiki kuvuka bahari, kwani Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha.

Lakini wazazi tusidanganyane. Shahada hii haiji na ajira mkononi. Vijana wengi wamehitimu na wako nyumbani, na walio wengi kati ya wanaopata kazi huanza kwa kubadilisha wino wa printa na kumkumbusha bosi nywila yake. Wale wawili niliozungumza nao waliniambia jambo lilelile kila mmoja kwa wakati wake: anayefanikiwa ni yule aliyeanza kushika kazi kabla ya kuhitimu. Kwa hiyo mzazi akimkuta mwanawe amefungua kompyuta kuukuu na skrubu zimetawanyika mkekani, avute subira kidogo.

Yapo pia ya dini, na hayo mzee aliniuliza kwa kirefu kuliko mengine. Je, kazi ni ya halali? Kazi yenyewe ni ujuzi kama useremala. Hukumu inafuata kinachojengwa. Makampuni ya kubeti ni miongoni mwa waajiri wanaowatafuta vijana hawa kwa mishahara mizuri, na kijana asiyeandaliwa kwa hilo tangu nyumbani atayumba. Jingine ni kwamba msimamizi wa mifumo anaweza kuona kila kitu: barua za watu, mishahara, majibu ya vipimo vya hospitali. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema, lakini saa nane za usiku katika chumba cha seva hakuna askari. Hapo ndipo malezi ya mzazi yanapofanya kazi. Nilimwambia mzee kwamba, kwa maoni yangu, tunawahitaji watoto waliosoma madrasa katika vyumba vile kuliko tunavyodhani.

Kuhusu stara ya binti, nilisema ninachoamini. Kazi nyingi za fani hii mtu huweza kuzifanya akiwa nyumbani kwake, akiwa na kompyuta na mtandao mzuri, na hilo ni jepesi kwa mama mwenye watoto kuliko kazi nyingi tunazowakubalia bila kuuliza. Ila zipo zamu, na simu ya usiku wa manane ikilia ni lazima ipokewe. Mume atakayemwoa alijue hilo kabla ya posa.

Na fedha? Wapo waumini waliojizuia kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Mimi si mufti, na mwenye shaka juu ya masharti yaliyobaki awaulize masheikh akiwa na karatasi za Bodi mkononi, si kwa kusikia. Nililolitamka mbele ya kamati ni kwamba msikiti unaokusanya mamilioni kwa ajili ya vigae hauwezi kushindwa kumchangia mwanafunzi mmoja nauli na kompyuta. Wajumbe wawili walinuna. Tumelipeleka kikao kijacho.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho tukiwa tumekaa barazani kwake, upepo wa ziwa ukipeperusha harufu ya dagaa walioanikwa. Hakujua kwamba orodha yetu ya zakatul-fitri ya mwaka jana na mwaka huu ilitunzwa na binti yake. Nakala moja iko ofisini, ya pili iko kwenye flashi nyumbani kwa imamu, ya tatu iko mtandaoni, na kila likizo huja akazifungua zote tatu mbele yangu. Yule mama mjane yumo katika zote. Nilipomwambia hayo alinyamaza kitambo, kisha akaita ndani aletewe bahasha.

Mlikuwa na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne cha binti. Tukavitazama. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina la babu katika vyeti hivyo viwili limeandikwa tofauti, herufi moja imezidi. Ni tatizo la familia nyingi hapa kwetu, na linataka mwanasheria, kiapo na muda. Jumatatu, Insha Allah, tutakwenda mjini pamoja kulishughulikia.

Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza la mwisho. “Na huko Dodoma, msikiti uko mbali na bweni?” Nikamjibu kwamba nitawapigia simu vijana wa umoja wa wanafunzi wa Kiislamu wa chuo kile, niwaulize.